Malenga Aliyetekwa

Charles wa Orléans, mjukuu wa mfalme wa Ufaransa, alizaliwa tarehe 24 Novemba 1394. Siku moja kabla hajatimiza miaka 13, baba yake, Louis, aliuawa usiku njiani mjini Paris, kwa amri ya mwana wa ami yake, Jean, mtawala wa Bourgogne. Mama, Valentina Visconti, alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1409 mkewe Isabelle naye akafa kwa uzazi: kijana ni mgane, na miaka 15 hajaitimiza!

Mwaka 1415 alitekwa vitani Agincourt, akazuiliwa Uingereza miaka 25. Huko ndiko alikokomaa kitunzi. Beti zake ni nyepesi, zenye kiitikio. Humo Huzuni na Tumaini husema kama watu, na Moyo hujibizana na mwenyewe. Mke wa pili, Bonne, alikufa Ufaransa bila ya kumwona tena.

Na ni nani aliyefanikisha kukombolewa kwake mwaka 1440? Philippe, mwana wa yule yule Jean. Tena akamwoza mpwa wake, Marie wa Clèves. Charles akatua Blois, akakaribisha washairi, François Villon miongoni mwao. Mwanawe Louis, aliyezaliwa mwaka 1462, alitawazwa mfalme mwaka 1498. Babaye alikwisha kufariki tangu 1465.