Kutoka Maziwa ya Kreta ya Rungwe hadi Bahari ya Hindi: Utafiti wa Viumbe wa Majini kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Kata ya Ikuti, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, iko nyanda za juu, mbali na pwani. Hata hivyo, mvua ya Rungwe hushuka kwa mito kama Kiwira hadi Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hutoka kwa Mto Shire, hujiunga na Mto Zambezi na hatimaye kumwagika katika Bahari ya Hindi. Wilaya hiyo pia ina maziwa ya kreta yaliyotokana na volkano, yakiwemo Ngozi na Masoko. Kwa mwanafunzi anayetaka kubobea katika biolojia ya bahari, safari inaweza kuanzia hapo.

Maana ya taaluma hii

Biolojia ya bahari huchunguza viumbe wa majini, kuanzia planktoni hadi samaki wakubwa, pamoja na uhusiano wao na mwanga, joto, chumvi, oksijeni na mikondo ya maji. Mbinu nyingi za taaluma hii hutumika pia katika maziwa yenye kina. Ziwa Nyasa, kwa mfano, lina kina cha takribani mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni ya kutosha samaki kuishi. Kupima tabaka za maji, kukusanya planktoni na kusoma vinasaba vya samaki ni stadi zinazohitajika ziwani na baharini.

Mfano wa Ziwa Masoko

Ziwa Masoko lina kipenyo cha takribani mita 700 tu. Desemba 2015, jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliosoma jenomu za samaki 146 wa jamii ya furu, spishi ya Astatotilapia calliptera, sehemu kubwa wakiwa wa ziwa hilo. Watafiti walibaini kuwa samaki hao wanagawanyika katika makundi mawili: wanaoishi kandokando kwenye maji mafupi, ambao madume yao huwa ya manjano, na wanaoishi kwenye kina cha takribani mita 20 hadi 25, ambao madume yao huwa ya buluu. Makundi hayo yanatofautiana pia kwa umbo la mwili na chakula. Sehemu 98 za jenomu zilionesha tofauti kubwa, zikiwemo zenye jeni za kuona katika mwanga hafifu. Mgawanyiko huo unakadiriwa kuanza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita.

Mwandishi wa kwanza wa utafiti huo, Milan Malinsky, aliufanya kama sehemu ya masomo yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ilishiriki kupitia mtafiti wake, Benjamin Ngatunga. Mfano huo unaonesha kuwa kazi ya mwanafunzi, ikifanyika kwa makini katika ziwa dogo, inaweza kubadili uelewa wa dunia kuhusu namna spishi mpya zinavyotokea. Unaonesha pia pengo lililopo: vijana wa Rungwe wanaolijua ziwa hilo tangu utotoni wanahitaji kuandaliwa ili nao waongoze tafiti za aina hiyo.

Njia ya masomo

Msingi huwekwa sekondari kwa masomo ya sayansi, na kidato cha tano na sita kwa tahasusi zenye Biolojia na Kemia, kama PCB na CBG. Baada ya shahada ya kwanza, mwanafunzi anaweza kuendelea na uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Sayansi za Bahari ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Kwa upande wa maziwa, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Kyela, jirani na Rungwe.

Ruzuku na vibali

Jumuiya ya Sayansi za Bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi (WIOMSA), iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti na huandaa makongamano ambako wanafunzi huwasilisha matokeo yao. Mtandao wa kimataifa wa POGO nao hufadhili mafunzo kwa watafiti chipukizi kutoka nchi zinazoendelea. Watafiti wa kigeni wanaofanya kazi nchini huomba kibali kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ushirikiano wao na taasisi za Tanzania huwapa wanafunzi wa ndani fursa ya kujifunza kazini.

Kwa nini ni muhimu

Tanzania ina ukanda maalumu wa kiuchumi baharini wenye takribani kilomita za mraba 223,000, mbali na maziwa makuu. Uamuzi kuhusu uvuvi, ufugaji wa samaki na uhifadhi unahitaji takwimu sahihi. Katika maziwa madogo kama Masoko, kupandikiza samaki wageni bila ushauri wa kitaalamu kunaweza kuwaangamiza samaki wasiopatikana mahali pengine popote. Mtafiti aliyekulia kando ya maji hayo ana nafasi nzuri ya kuitambua hatari hiyo mapema na kuieleza jamii yake kwa lugha inayoeleweka.