Asili ya Neno "Boxing"

Watoto wa shule hapa Babati wasikiapo neno la Kiingereza "boxing", ni rahisi kudhani ya kuwa limetoka katika boksi la kutilia vitu. Sivyo. Kamusi za Kiingereza huandika "box" la sanduku na "box" la pigo kuwa maneno mawili mbali mbali, yaliyofanana kwa sauti tu. Hili la pili hapo kale lilikuwa pigo la mkono, na hata leo latumika kwa kofi la sikioni. Baadaye likawa jina la mchezo.

Nasi katika Kiswahili twafuata njia hiyo hiyo. Ngumi ni mkono uliofumbwa, na sumbwi ni pigo lake. Kwa hiyo mchezo huitwa ngumi, au masumbwi, au ndondi.

Tena litazameni neno ulingo. Wakulima wa mpunga huko Magugu walijua ulingo ni dungu lililoinuliwa shambani, apandapo mlinzi kuwafukuza ndege. Leo ni mahali pa mabondia. Waingereza hupaita mahali hapo "ring", maana yake duara, kwa sababu zamani watazamaji walisimama kuwazunguka wapiganaji. Lakini sheria za mwaka 1838 zilitaka uwanja wa pembe nne wenye kamba, na jina la duara likabaki.

Basi, ikiwa jina la mchezo ni pigo tu, ni kitu gani kinachoutenga na ugomvi wa sokoni? Ni sheria. Mwaka 1743 Jack Broughton wa London alikataza kumpiga mtu aliyeanguka, wala kumshika chini ya kiuno. Mwaka 1867 zikatolewa sheria zilizoitwa kwa jina la Queensberry, ingawa mwandishi wake alikuwa John Graham Chambers: mabondia wavae glovu, wapigane dakika tatu, wapumzike dakika moja, naye aangukaye apewe sekunde kumi ainuke.

Kwa sheria za namna hiyo Titus Simba, Mtanzania, alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1970. Kijana ampigaye mwenziwe njiani hutumia ngumi ile ile, lakini hapati heshima ile. Twawasihi walimu wawafundishe vijana sheria kwanza, ndipo wawavike glovu.