Nchi Moja, Bendera Mbili

Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011, ila Michezo ya London ya 2012 iliikuta haina kamati ya Olimpiki. Guor Marial, mwana wa vita, alishauriwa avae jezi ya Sudan. Akakataa katakata! Alikimbia marathoni chini ya bendera ya Olimpiki, akawa wa 47.

Uanachama ulipatikana Agosti 2015. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Guor aliibeba bendera ya taifa. Wanamichezo wake walikuwa 3 tu. Usiku uleule Rose Nathike Lokonyen wa kambi ya Kakuma aliiongoza timu ya wakimbizi 10, na 5 kati yao walikuwa Wasudani Kusini wa Kakuma. Yaani wakimbizi waliwazidi wawakilishi wa nchi yao wenyewe. Sisi wa kambini tulizishangilia bendera zote mbili.