Kijana Akitaka Mbio za Magari, Aanzie Wapi?

Kila Safari Rally inapokwisha kule Naivasha, vijana wetu huku Pwani hushikwa na homa ya kasi. Usiku utasikia magari yakinguruma mitaani, na asubuhi tunaulizana nani ameumia. Mimi simlaumu kijana kwa kupenda mbio. Ninachosema ni kwamba mchezo huu una mlango wake, na mlango huo hauko kwenye barabara wanayovuka watoto wa madrasa.

Mlango wenyewe ni klabu. Mbio za magari nchini husimamiwa na shirikisho la KMSF, ambalo hutoa leseni za mashindano. Leseni ya kawaida ya udereva haitoshi. Tafuta klabu iliyo karibu, kisha jitolee kusaidia kulinda njia siku ya mashindano. Hapo utaona magari yanavyokaguliwa, na utajua kwa nini mtazamaji hasimami upande wa nje wa kona.

Ukishazoea, ingia autokrosi. Magari hukimbia kwenye mzunguko mfupi wa vumbi uliofungwa, na saa ndiyo inayoamua mshindi. Washiriki hugawanywa kwa madaraja, hivyo gari dogo halishindanishwi na lenye nguvu kubwa.

Huna gari? Kuwa mwelekezi. Huyu huketi kando ya dereva akimsomea maelezo ya njia: kona ya kushoto, kali, jiwe ndani. Akikosea mstari mmoja, wote wawili wako mtaroni. Kazi hii yataka macho, sauti na utulivu kuliko pesa.

Mwenye gari naye asianze na injini. Aanze na vyuma vya kinga vinavyozuia paa lisibonyee gari likipinduka, kiti na mikanda ya mashindano, kofia ngumu, nguo zisizoshika moto kwa urahisi na kizimamoto. Tena asome bima yake vizuri, maana bima ya kawaida aghalabu hailipi ajali ya mashindanoni. Halafu apige hesabu ya matairi na matengenezo. Kununua gari ni mwanzo tu.

Na si kila shindano la nje ya lami ni la kasi. Rhino Charge, lililoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, huwapa washiriki saa 10 kupita vituo 13 porini. Anayefika vyote kwa mwendo mfupi zaidi ndiye mshindi. Huko dereva hupanda majabali polepole, na mwenzake hushuka kumtafutia njia kwa miguu.

Wazee wetu wanaikumbuka Safari ilipokuwa ikishuka hadi Mombasa, na wanamkumbuka Joginder Singh. Alikuwa mtoto wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya babake. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, nduguye Jaswant akiwa mwelekezi wake. Akashinda tena 1974 na 1976. Alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano.

Basi mzazi, mwanao akikwambia anataka mbio, usimfokee akaenda kuzifanya usiku kwa siri. Mpeleke klabu, mchana, watu wakiona. Na wewe kijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame.