Vina vya Wachuuzi wa London

Lugha ya kila taifa ina nguo mbili: nguo ya sikukuu na nguo ya kazi. Nguo ya sikukuu ni lugha ya vitabu, ya mahakama na ya darasani. Nayo hutunzwa sandukuni isije ikachafuka. Nguo ya kazi ni lugha ya sokoni, ya bandarini na ya njiani. Nayo huvaliwa kila siku, hulowa jasho, hupasuka na kushonwa tena. Mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza huonyeshwa kwanza nguo ya sikukuu, na ndivyo ipasavyo. Lakini laiti angalifika katika mitaa ya mashariki ya mji wa London miaka mia iliyopita, angalishangaa kumsikia mtu akisema ya kuwa amepanda "apples and pears," yaani matofaa na mapea, hali hana tunda lo lote mkononi. Mtu huyo alikuwa amepanda ngazi tu.

Siri ya maneno hayo ni kina. Neno "pears" lina kina kimoja na neno "stairs," ambalo maana yake ni ngazi. Msemaji huliacha neno lenyewe, akatwaa maneno mawili au matatu yaliyozoea kwenda pamoja, la mwisho likiwa na kina sawa na neno lililoachwa. Kwa njia hiyo miguu, "feet," iliitwa "plates of meat," yaani sahani za nyama; kinywa, "mouth," kiliitwa "north and south," kaskazini na kusini; na mke, "wife," aliitwa kwa mzaha "trouble and strife," taabu na ugomvi. Sisi tuliolelewa na mashairi ya vina na mizani hatuoni shida kuufahamu ustadi huo. Mshairi wetu hupanga vina ili neno lisikike vizuri na kukumbukwa. Mchuuzi wa London alipanga vina ili neno lifichike.

Fumbo hilo lilikuwa na hatua ya pili. Watu walipokwisha kuzoea maneno yote, walilikata neno lenye kina na kulitupa. "Loaf of bread," mkate mzima, lilikuwa jina la kichwa, kwa kuwa "bread" na "head" zina kina kimoja. Baadaye "bread" iliachwa, ikasalia "loaf" peke yake. Mwingereza akimwambia mwenziwe atumie "loaf" yake, humwambia atumie akili. Kadhalika "butcher's hook," kulabu ya bucha, ilisimama mahali pa "look," kutazama. Siku hizi husikika "butcher's" tu. Na rafiki, "mate," aliitwa "china plate," sahani ya kauri, kisha akawa "china." Kina kikienda zake, ufunguo umekwenda nacho, na mgeni hubaki mlangoni.

Sasa tuulize: watu hawa walikuwa nani, na kwa nini walifumba maneno yao?

Tamaa ya kuficha maneno ilikuwako katika Uingereza zamani sana kabla ya vina hivyo. Mnamo mwaka 1567 mwungwana mmoja wa Kent, jina lake Thomas Harman, alichapisha kitabu juu ya wazururaji na wezi, akatia ndani yake orodha ya maneno yao ya siri, ambayo aliyapata kwa kuwahojiwahoji wale waliofika mlangoni pake kuomba. Waingereza walipoanza kuwapeleka wafungwa wao Australia mwaka 1788, lugha hiyo ilisafiri nao merikebuni. Watkin Tench, ofisa mmoja aliyekuwako huko, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1793 ya kuwa mara nyingine mahakama ilihitaji mkalimani ili hakimu apate kuelewa maneno ya watu hao. Jambo hili litufikirishe. Hakimu alikuwa Mwingereza, na mshitakiwa alikuwa Mwingereza. Wote wawili walizaliwa katika kisiwa kimoja, na uhai wa mmoja ulikuwa mkononi mwa mwingine. Lakini tajiri na maskini walikuwa wameishi mbali sana hata wakahitaji mtu wa tatu kati yao.

Fumbo la vina lilikuja baadaye. Mwaka 1801 London ilikuwa na watu wapatao milioni 1. Ilipofika mwaka 1851 walikuwa wamezidi milioni 2. Wengi walitoka mashamba, na wengi walitoka Ireland, hasa baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Maelfu kati yao hawakuwa na kazi ya mshahara. Walisukuma mikokoteni ya samaki, ya matunda na ya mboga, au walisimama njiani wakiuza nyimbo na habari zilizochapwa katika karatasi za bei ndogo. Henry Mayhew, mwandishi aliyewasikiliza watu hao kwa subira na kutoa kitabu juu yao mwaka 1851, alieleza ya kuwa wachuuzi wa mikokoteni walikuwa na desturi ya kuyasema maneno kinyumenyume. "Penny," sarafu yao ndogo, waliiita "yenep." Watoto wa pwani yetu wataucheka mchezo huo kwa kuutambua, maana wao pia wana kinyume chao, ambacho nyumba huwa "mbanyu."

Kitabu kimoja kidogo cha mwaka 1857 kilitaja baadhi ya maneno ya vina. Mwaka 1859 muuza vitabu John Camden Hotten alichapisha kamusi ya maneno ya mitaani, akayapa maneno ya vina sehemu yao wenyewe. Alisema ya kuwa yalianza kutumika miaka kumi na miwili au kumi na mitano kabla ya hapo, nao waliokuwa nayo ni wale wauzaji wa nyimbo na habari njiani. Kwa hiyo twaweza kuweka kuzaliwa kwake katika miaka ya 1840.

Juu ya sababu yake, hadithi inayopendwa kuliko zote ni kwamba wezi waliibuni ili polisi wasiwafahamu. Hadithi hii ina sura ya kweli, kwa kuwa jeshi la polisi la London liliundwa na Robert Peel mwaka 1829, si miaka mingi kabla ya vina hivyo kusikika. Lakini mambo mawili kufuatana hakuthibitishi ya kuwa la kwanza limelizaa la pili. Tuupime ushahidi. Hotten hakuwataja wezi, bali wauzaji. Tena kamusi yake iliuzwa wazi dukani, ikapendwa hata ikachapishwa mara ya pili mwaka 1860. Na polisi aliyetaka kujua aliweza kuinunua. Siri gani hiyo inayouzwa dukani? Waswahili husema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Yaelekea zaidi ya kuwa sababu zilikuwa nyingi, zikafungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Muuzaji alipenda kusemezana na mwenziwe juu ya bei mnunuzi asijue. Maskini alipenda kucheka, na mzaha wa maneno haukuwa na gharama. Juu ya yote, mtu aliyepotea katika mji mkubwa alitaka alama ya kuwatambua wenzake. Anayelifahamu fumbo ni wetu; asiyelifahamu si wetu. Alama ya namna hiyo haiharibiki hata ikichapwa kitabuni, kwa sababu kusoma neno si sawa na kuzaliwa nalo.

Watu wa mitaa hiyo huitwa Cockney. Asili ya neno hilo ni "yai la jogoo," yaani yai dogo lenye kombo. Kisha likawa jina la mtoto aliyedekezwa, kisha likawa dhihaka ya watu wa mashamba juu ya mtu wa mjini. Katika karne ya 17 Cockney alikwisha kuelezwa kuwa ni mtu aliyezaliwa mahali panaposikilizana kengele za kanisa la St Mary-le-Bow. Hivyo neno lililokuwa tusi liligeuka kuwa nasaba, na wenye nasaba wakajivunia.

Hata hivyo dharau haikuisha. Mwaka 1909 mkutano juu ya mafundisho ya Kiingereza katika shule za msingi za London ulitoa taarifa iliyosema ya kuwa usemi wa Cockney ni uharibifu wa siku hizi, usio na asili ya haki, na haustahili kuwa usemi wa mtu ye yote katika mji mkuu wa dola yao. Hukumu hiyo ilikuwa nzito, na historia haiithibitishi. Kiingereza cha vitabu chenyewe kilikua zaidi kutoka katika usemi wa London. Tena kosa walilokaripiwa sana watoto wa mitaa hiyo, la kukanusha mara mbili katika sentensi moja, lilikuwa desturi ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, na hata katika maandishi ya Shakespeare laonekana. Walimu waliita mpya jambo lililokuwa kongwe, kwa kuwa walilisikia katika vinywa vya maskini. Katika Kenya pia watoto wengi waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha za mama zao. Mtoto afundishwapo lugha njema hufaidika. Afundishwapo kuionea haya lugha ya nyumbani kwake, hupoteza alichokuja nacho kabla hajashika alichokijia.

Usemi uliodharauliwa hivyo ulipata safari ndefu kuliko wale walioudharau. Katika Australia, ambako Uingereza ilipeleka wafungwa wapatao 160,000 hata mwaka 1868, kutazama kuliitwa "Captain Cook," kwa jina la baharia aliyefika pwani ya mashariki ya nchi hiyo mwaka 1770. Na vita vikuu viwili vya karne ya 20 viliwachanganya vijana wa London na vijana wa kila jimbo katika mahandaki na kambi, wakagawana maneno kama walivyogawana tumbaku.

Jeshi lilileta vile vile maneno ya mbali. Askari wa Kiingereza waliokaa Bara Hindi waliwasikia wenyeji wakiiita nchi ya wageni kwa neno lililotokana na Kiarabu, "wilaya." Wakalitamka walivyoweza, likawa "Blighty," na maana yake ikawa Uingereza, nyumbani. Sisi nasi kutoka neno lilo hilo la Kiarabu tulipata "Ulaya," mbali na "wilaya" ya serikali. Basi askari aliyelala handakini katika Ufaransa akitamani kurudi "Blighty," na Mswahili aliyesema habari za Ulaya, walitumia neno la ukoo mmoja bila kujuana.

Maneno ya vina yamehifadhi pia majina ambayo yangalisahauliwa. Tod Sloan alikuwa Mmarekani mpanda farasi wa mashindano, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1933. "Sloan" ina kina kimoja na "own," na kutoka hapo kukawa na msemo "on your tod," yaani peke yako. Waingereza wengi huutumia, na ni wachache wamjuao mwenye jina.

Mitaa yenyewe imebadilika. Tangu tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia kwa mabomu mitaa ya bandari, na mwaka 1941 kanisa la St Mary-le-Bow liliteketea. Kengele hazikulia tena hata mwaka 1961. Kwa miaka 20 hivi, kama ukiifuata sheria ya kengele, hakuzaliwa Cockney hata mmoja. Baada ya vita jamaa nyingi zilihamia miji mipya ya Essex, na bandari za mitaa hiyo zilifungwa moja moja hata mwaka 1981 zikawa zimekwisha. Siku hizi vijana wa mashariki ya London wana usemi mwingine, uliotiwa maneno ya Karibiani, ya Asia na ya Afrika. Maneno mengi ya vina yasikikayo sasa hutungwa kwa ajili ya kuchekesha tu. Yaliyo hai kweli ni yale yaliyokwisha kupoteza kina chao, kama "loaf" na "butcher's."

Mwanafunzi wa Kenya na apate kwa habari hizi mambo mawili. La kwanza ni tahadhari. Baadhi ya mafumbo haya hufunika maneno machafu, na mtu asiyejua asili aweza kutamka mbele ya wazee jambo ambalo angaliona haya kulisema waziwazi. Lugha ya njiani ina mahali pake na saa yake. Karatasi ya mtihani si mahali pake.

La pili ni uadilifu. Vijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi wameunda Sheng kwa sababu zinazofanana na zile za wachuuzi wa London: mji mkubwa, watu wa asili nyingi, na haja ya kutambuana. Wako wanaoihukumu kama ilivyohukumiwa lugha ya Cockney mwaka 1909. Ni haki kumtaka kijana ajue Kiswahili sanifu na akiheshimu, maana bila lugha hiyo milango mingi itafungwa mbele yake. Lakini atakayeihukumu lugha ya maskini na aulize kwanza ilitoka wapi na ilimfaa nani. Yule hakimu wa Australia alihitaji mkalimani ili aweze kutoa hukumu. Na bila kuelewa maneno ya mshitakiwa, hukumu yake isingalikuwa haki.