Kidole, Nyota na Mizani: Kumsoma Upya Ahmad bin Majid

Ahmad bin Majid anajulikana kwa wengi wetu kwa tendo ambalo yaelekea hakulitenda. Kisa chenyewe ni mashuhuri: mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na rubani huyo, tunaambiwa, alikuwa Bin Majid. Aliyemtaja kwa jina ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye na kuongeza kwamba rubani alileweshwa. Waandishi wa tarikhi wa Kireno, kwa upande wao, wanamtaja Mgujarati. Kwangu mimi ushahidi wa Makka ni dhaifu. Hata hivyo, hasara iliyoletwa na kisa hiki haikuishia kwenye jina la marehemu: kimetufanya tubishane kama alikuwa msaliti au la, tukaacha kumsoma kama mshairi.

Na mshairi alikuwa. Mzaliwa wa Julfar, katika pwani ya Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia, Kitab al-Fawa'id, kwa nathari, yapata mwaka 1490. Ila sehemu kubwa ya elimu yake aliiweka katika mashairi. Shairi lake liitwalo Hawiya, la mwaka 1462, lina mistari zaidi ya elfu moja. Baba yake, naye rubani, alikuwa ametunga shairi refu juu ya Bahari ya Shamu, na mwana akayasahihisha makosa yaliyomo. Huo ni ukoo ambamo mtoto hurithi shairi kama wengine wanavyorithi jahazi, na hulikarabati kwa sababu ileile: likivuja, watu watakufa.

Bahari ya ushairi aliyoipenda ni rajaz, ambayo wahakiki wa Kiarabu waliiita punda wa washairi, kwa kuwa humbeba yeyote. Kwao, elimu iliyopangwa kwa mizani ni nadhmu tu. Haijafikia kuwa ushairi. Hoja hiyo hatuigeni sisi tuliozoea mabishano juu ya tenzi za mafunzo, ambazo wapo wanaoziona ni nathari iliyovishwa vina. Nakubali kwamba mistari mingi ya Bin Majid ni mikavu. Lakini anayeipima kwa kipimo cha ghazali amekosea chombo, kwani uzuri wake unaonekana pale tu unapojua kazi iliyokuwa inafanywa.

Kazi hiyo ilianza na kidole. Rubani alinyoosha mkono mbele ya uso, au alishika kibao cha mti, akahesabu ni vidole vingapi vilivyotenganisha nyota na upeo wa bahari. Kidole kimoja, isbaa, ni kama daraja 1.6 za anga, yaani kilomita zipatazo 180 za safari ya kaskazini au kusini. Nyota ya msingi ilikuwa Jaa, ile ya kaskazini. Wakati ule Jaa haikukaa karibu na ncha ya anga kama leo. Iliizunguka kwa umbali wa daraja tatu na nusu hivi, kwa hiyo ilipimwa ilipofika chini kabisa ya mzunguko wake. Saa hiyo rubani aliitambua kwa nyota nyingine zilizokuwa zikipanda au kutua. Kipimo kimoja kilidai anga nzima ikumbukwe.

Sasa mfuate akija kwetu. Kabla hajafika Mogadishu, Jaa imekwisha kuzama. Anahamia kwenye Farkadani, nyota mbili zilizo jirani nayo. Kusini zaidi nazo hazitoshi, anashika Naashi, zile za Dubu Mkubwa, hadi Sofala. Nyota moja inampokeza kwa nyingine, na ubeti unapaswa kushika zamu hizo zote pamoja na idadi ya vidole vya kila bandari, usiku, sitahani, bila taa. Hapo mizani ni ghala na ni mlinzi pia: neno likidondoka, sikio linagutuka kabla ya akili.

Mlinzi huyo ana upofu wake. Kwa Kiarabu saba ni sab' na tisa ni tis'. Uzito wao katika mizani ni mmoja, na nukta zikifutika, maandishi yao karibu hayatofautiki. Mnakili aliyechoka angeweza kumpeleka nahodha kilomita zaidi ya mia tatu kando ya njia, na shairi likabaki zuri sikioni.

Shairi lake la njia ya Sofala lilinusurika katika hati iliyohifadhiwa Leningrad. T. A. Shumovsky, aliyekamatwa mwaka 1938 angali mwanafunzi na kupoteza miaka mingi kambini, alilichapisha mwaka 1957 pamoja na mengine mawili. Ndani yake mna mistari inayowataja Wareno. Baadhi ya wataalamu wanashuku kwamba ilipachikwa na mkono mwingine. Ajabu ni kwamba mistari hiyo michache ndiyo iliyozua mjadala mkubwa, ilhali ile inayopima pwani yetu kidole kwa kidole imeachiwa wachache, akiwemo G. R. Tibbetts, ambaye kitabu chake cha 1971 bado ndicho mlango mzuri zaidi kwa asiyesoma Kiarabu.

Mabaharia wale walimwita mjuzi wa nyota mu'allim, na sisi tukalipeleka neno darasani: mwalimu. Matla', mahali nyota inapochomoza, tumelihifadhi katika matlai, upepo wa mashariki. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatoa suheli kwa maana ya kusini na jaa kwa maana ya kaskazini. Ukimuuliza msemaji wa leo jaa ni nini, atakuelekeza mahali pa kutupia taka.