Mtahiniwa wa Kilo na Mlango wa Chuo Kikuu: Mapitio ya Kihistoria

1. Utangulizi

Kila mwaka, msimu wa Mtihani wa Serikali unapowadia, wanafunzi wa Kilo na wa Bunia huwauliza walimu wao swali lile lile: "Mwalimu, mimi nitapokelewa?" Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake limo katika akili ya mwulizaji peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kihistoria, nafasi ya kijana wa Kilo iliamuliwa kwanza na mlango wenyewe: ulijengwa wapi, kwa ajili ya nani na kwa lugha gani.

2. Kabla ya 1954

Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na machimbo yakahitaji makarani, mafundi na wauguzi. Elimu ya kikoloni ililenga kuwatoa hao. Mwafrika aliyetaka kusoma zaidi alikuwa na njia moja kuu, nayo ni seminari. Ndiyo iliyomfikisha Stefano Kaoze kwenye upadre mwaka 1917, akiwa Mkongo wa kwanza wa zama hizo. Aliyesomea tiba aliishia kuwa msaidizi wa daktari. Kijana wa Kilo, hata angekuwa wa kwanza darasani, hakuwa na nafasi ya kupima, kwa kuwa chuo kikuu hakikuwapo.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikaanza kutayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Kampala iko karibu zaidi na Kilo kuliko Kinshasa. Hata hivyo, mpaka wa kikoloni na lugha ya Kiingereza viliifanya Makerere kuwa mbali.

3. Kutoka Lovanium hadi Kisangani

Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali Elisabethville mwaka 1956. Mlango ulikuwapo sasa, lakini ngazi ya kuufikia ilikuwa fupi: shule za sekondari zenye masomo kamili kwa Waafrika zilikuwa chache, na wengi walilazimika kupitia kwanza mwaka wa matayarisho. Ndiyo maana, wakati wa uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada walikuwa wachache wa kuhesabika. Chuo kikuu cha tatu, kilichofunguliwa Stanleyville (leo Kisangani) mwaka 1963, ndicho kilichousogeza mlango upande wa Ituri.

4. Asilimia na mgao

Mwaka 1967 ulianzishwa Mtihani wa Serikali, na asilimia ikawa lugha ya matumaini. Hamsini ilitosha kwa diploma, lakini haikutosha kwa vitivo vilivyotamaniwa na wengi, kama vile tiba. Vyuo vitatu viliunganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vikatenganishwa tena mwaka 1981. Katika zama hizo nafasi ziligawanywa pia kwa kuzingatia majimbo. Hivyo watahiniwa wawili wenye asilimia moja waliweza kupata majibu tofauti.

Aidha, mtihani hufanywa kwa Kifaransa. Mtoto wa Kilo huenda akaanza na Kinyali au Kilendu nyumbani, akaongeza Kiswahili sokoni, na kukutana na Kifaransa darasani. Asilimia yake hupima hesabu na historia, lakini hupima pia umbali aliousafiri kati ya lugha hizo. Mwanaisimu hawezi kuisoma namba hiyo bila kulikumbuka jambo hili.

5. Hitimisho

Hatusemi kwamba bidii haina thamani. Bila bidii hakuna mlango unaofunguka. Tunasema tu kwamba anayekadiria nafasi yake apime mambo mawili: maandalizi yake, na masharti ya mahali anapoomba, yaani idadi ya nafasi, gharama, umbali na lugha. Leo Bunia ina chuo kikuu chake na Taasisi ya Juu ya Ualimu, jambo ambalo kijana wa 1954 hakuliota. Lakini vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyorudi Djugu tangu mwishoni mwa 2017, vimewahamisha wanafunzi wengi kutoka shule zao. Mwalimu anayemwambia kijana wa namna hiyo kwamba hana akili, kwa kuitazama asilimia peke yake, amekosea hesabu. Wazee wa Kilo waliobaki makarani nao hawakukosa akili, walikosa mlango.